Kuunda dawa, kuisajili au kuitafuta: kosa lako litakujibu lini?

Mpwa wangu yuko katika mwaka wake wa intani, hospitalini. Jumapili moja alinijia nyumbani Kasarani na daftari, akaketi mezani na kulifungua kwenye ukurasa aliokuwa ameugawa safu tatu. Juu ya safu ya kwanza aliandika "kiwanda", ya pili "usajili", ya tatu "utafiti". Chini yake hakuna kitu. "Shangazi," akasema, "wewe umepita kote huko. Nijazie."

Siku hiyo nilimjibu vibaya. Nilizungumza kuhusu mishahara na foleni ya Thika Road, mambo ambayo angeambiwa na mtu yeyote. Alipoondoka nilibaki nikilifikiria daftari lile, na haya ndiyo ninayoyaandika katika safu zake, na katika safu za vijana wengine wa famasia na kemia hapa Nairobi wanaouliza swali hilohilo.

Nilianza na miaka miwili ya uzamili katika maabara ya utafiti wa mitishamba. Kisha nikaunda dawa kiwandani kwa miaka tisa, nikakaa kwenye dawati la usajili kwa miaka mitatu, na sasa nimerudi kiwandani. Nikizilinganisha kazi hizi, swali ninaloanza nalo ni moja: ukikosea, kosa lako litakujibu baada ya muda gani? Katika kazi ya dawa utakosea, hata uwe makini vipi. Kuna mtu asiyelala mpaka ajue leo hii kama alipatia. Kuna mwingine anayeweza kungoja miaka mitano huku akifanya kazi kwa moyo uleule. Ukiingia safu isiyo yako, utachoka hata ukilipwa vizuri.

Kiwandani

Nianze na dhana inayoniumiza kila ninapoisikia, kwamba Kenya hatuundi dawa, tunafunga tu pakiti. Viwanda vipo, na mtu wa Nairobi huvipita kila siku bila kujua: Industrial Area, Baba Dogo na Ruaraka, Mombasa Road, hadi Kikuyu. Mwaka 2004 kiwanda cha Cosmos, cha hapa mjini, kilipata leseni kutoka GlaxoSmithKline, kampuni kubwa ya dawa ya Uingereza, ya kutengeneza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Universal Corporation ya Kikuyu ilipata idhini ya ubora ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 kwa tembe ya UKIMWI yenye lamivudini na zidovudini, na mwaka 2023 ikaipata tena kwa sulfadoksini-pirimethamini, dawa wanayopewa wajawazito kuwakinga na malaria. Nyuma ya kila idhini kama hiyo kuna mtu aliyekesha na mizani na unga.

Ni kweli kwamba viambato hai vingi, yaani zile kemikali zinazotibu, huja kutoka India na China. Lakini kiambato hai peke yake hakinyweki. Chukua tembe ya presha, amlodipini ya miligramu 5. Ukiipima yote ina uzito wa miligramu 200 hivi. Kiambato chenyewe, kikiwa katika umbo la chumvi yake, hakifiki miligramu 7. Zilizobaki ni kazi ya muundaji: kitu cha kuipa tembe mwili, kitu cha kuishikanisha, kitu cha kuifanya imeguke tumboni, na kitu cha kuzuia isinate kwenye mashine. Vitu hivyo vikichaguliwa vibaya, dawa nzuri inageuka kokoto ambayo mgonjwa anaimeza na kuitoa ilivyo.

Sasa turudi kwenye kosa. Kiwandani kosa hujibu kwa sauti tatu, na nimezisikia zote.

Ya kwanza huja ndani ya dakika chache. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa parasetamoli ya miligramu 500. Watu huidharau kwa sababu inauzwa kila kioski, lakini unga wake ni mkaidi. Ukiubana, unajivuta kurudi ulivyokuwa, kama sponji. Dawa yake ni kuulowesha kwa uji wa wanga, kuufanya punje, kuzikausha kiasi, ndipo upige tembe. Neno gumu hapo ni "kiasi". Mzee wa mashine alichota punje zangu kiganjani, akazisugua kwa kidole gumba, akanitazama. "Daktari, hii unga imekauka sana. Itatuvulia kofia." Nikamwonyesha karatasi ya vipimo, kila kitu kilikuwa ndani ya mpaka niliouweka mwenyewe. Akasema, "Sawa. Lakini nimekwambia." Hazikupita dakika ishirini, tembe zikaanza kutoka zimepasuka juu, kipande cha mviringo kikidondoka kama kofia inayopeperushwa. Tulisimamisha mashine. Nikajifunza kwamba mpaka nilioandika ulikuwa mpana mno, na kwamba kidole gumba cha mzee yule kilikuwa na miaka ishirini na tano ya maabara ndani yake.

Kosa la namna hii hukuaibisha, lakini pia hukusaidia. Unalisikia kabla ya saa sita, unalirekebisha kabla ya jioni. Ndiyo maana vijana wepesi wa kujifunza hukua haraka sana kiwandani. Kila siku kuna mtihani na kila siku kuna majibu: tembe kadhaa zinazungushwa mara mia kwenye pipa linaloonyesha ndani kwa dakika nne ili kuona kama zitapoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito; tembe sita zinatiwa kila moja kwenye chombo cha mililita 900 za maji yenye joto la mwili, nyuzi 37, kuona dawa inaachia kiasi gani katika nusu saa. Hakuna kubembelezana na namba hizo.

Sauti ya pili huja ukitoka maabara kwenda kwenye pipa kubwa. Kilo 5 ni kitu kimoja, kilo 200 ni kitu kingine kabisa, na fomula haijui kujikuza yenyewe. Mimi niliwahi kuchanganya magnesiamu stearati, ule unga laini unaozuia tembe zisinate, kwa dakika nyingi kuliko ilivyotakiwa kwa sababu niliogopa pipa kubwa halijachanganyika. Unga ule ni wa mafuta, ukiuchanganya sana unazivika punje zote kama koti la mvua. Tembe zilitoka za kupendeza, na majini hazikuachia dawa. Jibu lilinijia kesho yake asubuhi, na bechi nzima, yaani mzigo wote uliotengenezwa pamoja, ikawekwa pembeni.

Sauti ya tatu ndiyo iliyonifundisha kunyamaza. Nilikuwa nimeunda tembe ya amlodipini kwa laktosi, sukari ya maziwa, kwa sababu ni rahisi, inabanika vizuri na tulikuwa nayo stoo. Kila kipimo kilipita. Tukaweka sampuli kwenye kabati la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, mahali ambapo tunaiharakisha dawa izeeke ili tuone mapema uzee wake utakavyokuwa. Mwezi wa tatu nikatoa pakiti, nikaimimina kwenye karatasi nyeupe, nikaona weupe wa tembe umechuja na kuwa kama krimu. Amlodipini ina kichwa cha amini, kikundi cha kemikali chenye nitrojeni, na amini ikikaa na laktosi kwenye joto na unyevu zinaunguzana polepole. Ni jamaa wa kile kinachoipa ganda la mkate rangi yake tanuruni. Kipimo cha kromatografia kikathibitisha kwamba takataka zilikuwa zinapanda. Nilitoa laktosi, nikaweka selulosi na fosfati ya kalsiamu, nikaanza upya. Nusu mwaka wa kazi ulikuwa umekwenda, na hakuna aliyenigombeza. Mkuu wangu alisema tu, "Afadhali kabati kuliko mgonjwa."

Neno lile nimelibeba mpaka leo, kwa sababu historia ya kazi yetu ina kisa cha kabati lililorukwa. Mwaka 1937 kampuni moja ya Tennessee, Marekani, ilitaka kuuza dawa ya sulfanilamidi kwa umbo la maji. Mkemia wake mkuu akagundua inayeyuka vizuri kwenye diethilini glikoli, akatia ladha, akaonja, na ikaenda sokoni bila kujaribiwa kwa mnyama yeyote. Diethilini glikoli ni sumu ya figo. Walikufa watu zaidi ya mia moja, wakiwemo watoto, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kulazimisha dawa ithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa. Ungedhani dunia imejifunza. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia, na kilichokutwa ndani ni sumu ileile na nduguye. Ndiyo maana leo kila pipa la gliserini linaloingia kwangu hupimwa kabla ya kufunguliwa kwa kazi, na mpaka wake ni asilimia 0.1. Mpwa wangu, ukija kiwandani, hili ulikubali mapema: kosa la muundaji lisipojibiwa kwenye kabati, litajibiwa kwenye mwili wa mtoto.

Mambo mengine ya kiwandani nitayapitia upesi. Kuna vumbi na kelele, na koti unabadilisha mara nyingi kwa siku. Penisilini hutengenezwa kwenye jengo lake peke yake, na ukipangiwa huko hutangatangi kwingine. Kuna shinikizo la bei pia. Machi 2020 India ilipozuia kwa muda kuuza nje viambato na dawa 26, parasetamoli ikiwemo, tulihangaika kutafuta wauzaji wapya, na unga wa muuzaji mpya haubaniki kama wa yule wa zamani hata kama karatasi zinafanana. Na mara nyingi jaribio la kuthibitisha kwamba tembe yako inaingia damuni sawasawa na ile ya kampuni iliyoigundua hupelekwa nje ya nchi. Unatuma sampuli zako, kisha unakaa ukingoja kama mzazi aliyepeleka mtoto upasuaji. Matokeo yakirudi, kipimo ni ulinganifu wa kati ya asilimia 80 na 125. Nje ya hapo, unaanza tena.

Kazi zenyewe ni chache. Kiwanda kizima kinaweza kuwa na waundaji watatu au wanne, huku idara ya ubora ikiwa na watu wengi mara kadhaa. Usimwamini anayekwambia kila mhitimu atapata kiti hapo.

Dawati la usajili

Nilihamia huko nilipopata mtoto wa pili, na sioni sababu ya kuficha kwamba nilifuata saa za kazi zinazoeleweka.

Hapa huishiki dawa. Unashika hadithi yake. Kila dawa inayotaka kuuzwa nchini lazima ipite Bodi ya Famasia na Sumu, kule Lenana Road, na hupita kwa faili lenye sehemu tano: karatasi za nchi, muhtasari, ubora, majaribio ya wanyama, majaribio ya binadamu. Kwa dawa za jenerika, zinazofuata dawa iliyokwisha kugunduliwa na wengine, sehemu nzito ni ile ya tatu, ya ubora. Ndani yake kuna kila nilichokuwa nikifanya kiwandani, sasa kimegeuzwa maandishi: kwa nini selulosi na si laktosi, kwa nini dakika tatu na si kumi na tano.

Kosa linajibu kwa barua. Linakaa kimya miezi, halafu siku moja unapokea orodha ya maswali kutoka kwa mkaguzi usiyemwona uso. Kosa langu kubwa lilikuwa la kizembe na ninalitaja ili usilirudie. Kampuni moja ya nje ilitutumia data ya uhai wa dawa, yaani inadumu muda gani bila kuharibika, iliyofanyiwa nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. Hiyo ni hali ya hewa ya Ulaya. Kenya imewekwa kwenye kundi la nyuzi 30 na unyevu wa 65. Niliona jedwali limejaa, miezi 36, namba nzuri, nikalipitisha. Barua ikaja na sentensi moja iliyouliza dawa hii imehifadhiwa lini katika hali ya nchi itakakouzwa. Hakukuwa na jibu ila kuanza kuhesabu miezi upya. Mkaguzi yule alikuwa sahihi kabisa. Tembe ile ingekwenda Garissa, ikakaa kwenye stoo ya bati.

Tofauti na mashine iliyosimama, hapa huwezi kukimbia kurekebisha. Anayetaka majibu ya papo kwa papo anaumwa na kichwa. Lakini kuna watu walioumbwa kwa kazi hii, na nimewaona. Ni wasomaji. Wanaona namba ya ukurasa wa 40 haipatani na ya ukurasa wa 212. Wanafurahia sentensi isiyo na mwanya. Mtu kama huyo akikaa kiwandani anateseka, akikaa hapa anang'ara.

Na milango ni mingi zaidi. Kampuni za nje zenye ofisi Nairobi zinahitaji watu wa usajili, waagizaji wanawahitaji, viwanda vinawahitaji, na mwenyewe unaweza kwenda upande wa pili wa meza ukawa mkaguzi. Tangu 2012 nchi za Afrika Mashariki zimekuwa zikioanisha taratibu zao za usajili na kukagua baadhi ya mafaili kwa pamoja, kwa hiyo ukilijua faili vizuri Nairobi, ujuzi wako unasomeka Dar es Salaam na Kampala pia. Wakala wa Dawa wa Afrika, wenye makao Rwanda, unaipanua njia hiyo zaidi.

Ninalo onyo moja tu kwa anayeanzia hapa moja kwa moja kutoka chuoni. Nimesoma mafaili yaliyoandikwa na watu ambao hawajawahi kuona tembe ikivua kofia. Yako safi na hayana uhai, na mkaguzi akiuliza swali la pili, mwandishi hana pa kuchota jibu. Nenda kiwandani hata mwaka mmoja kwanza.

Utafiti

Nimeiacha iwe ya mwisho kati ya zile tatu kwa sababu ndiyo safu ambayo mpwa wangu anaitamani, niliona macho yake. Na mimi niliitamani hivyohivyo.

Nairobi ina mahali pa kuifanyia. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa 1979, ina kituo chake cha tiba asili na utafiti wa dawa. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha famasia tangu miaka ya sabini, kwenye eneo la Hospitali ya Kenyatta. DNDi, shirika la kutafuta tiba za magonjwa yaliyosahauliwa, lina ofisi yake ya kanda hapa, na KEMRI ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 2003.

Hebu tazama saa ya kazi hiyo inavyokwenda. Kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na nzi wa mchanga, inawaua watu Baringo, Pokot Magharibi na Wajir. Tiba ya zamani ilikuwa sindano za kila siku kwa siku 30. Jaribio la kuunganisha dawa ile na nyingine, paromomaisini, lilianza mwaka 2004 katika nchi za ukanda huu, Kenya ikiwemo, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mpango wa siku 17. Hiyo ni miaka sita kupunguza siku 13. Mtu wa haraka atasema ni kidogo. Mama aliyeacha mbuzi na watoto wengine nyumbani ili alale hospitalini Kimalel, Baringo, na mgonjwa wake, anajua siku 13 ni nini. Na zile zilikuwa dawa zilizokuwepo tayari, hazikugunduliwa upya. Mwaka 2006 watafiti wa KEMRI walichapisha kwamba mizizi ya mti wa mtandamboo inazuia maabara virusi vya herpes, vinavyoleta malengelenge. Kutoka karatasi ya namna hiyo hadi dawa rafuni, njia ni ndefu kuliko umri wa mradi wowote wa ufadhili.

Kosa langu la utafiti lilinijibu mwezi wa kumi na nne. Nilikuwa nikijaribu kuufanya unga mkavu uliokamuliwa kutoka mmea mmoja uwe tembe. Kwanza ulivuta unyevu hewani mpaka ukawa kama sukari guru, nikadhani hilo ndilo tatizo, nikapigana nalo mwaka mzima kwa unga wa silika unaonyonya unyevu na vyumba vikavu. Nikashinda. Kisha mzigo wa pili wa majani ukafika, uliovunwa baada ya mvua za masika, na kiambato nilichokuwa nikikifuata kilikuwa pungufu kuliko cha mzigo wa kwanza, uliovunwa kiangazi. Mwaka mzima nilikuwa nikiunda tembe ya majani ya Januari. Sikuwa nimeuliza swali la mwanzo kabisa: malighafi yangu ni ileile kila mara? Mwalimu wangu hakushangaa. Aliniambia niliandike, na sura ile ndiyo iliyokuwa bora katika tasnifu yangu.

Hilo ndilo jambo la utafiti ambalo wanaoulinganisha na kiwanda huliruka. Kiwandani kosa ni hasara, unalifunga na kusonga. Kwenye utafiti kosa lililoandikwa vizuri ni mali, linamwokoa mwingine. Kama unaweza kupata furaha hapo, katika sura inayoeleza kwa nini haikufanya kazi, basi safu hii ni yako na usimsikilize anayekukatisha tamaa. Mimi sikuweza. Nilihitaji kushika kitu mwisho wa wiki.

Mkataba wa ajira hufuata ufadhili, mara nyingi miaka miwili au mitatu, na sehemu kubwa ya muda wako utaandika maombi ya fedha. Mtu mwenye wadogo wa kusomesha alifikirie hilo bila kuona haya.

Safu ambazo hazikuwa kwenye daftari

Maabara ya kupima ubora ni safu ya nne, nayo inastahili heshima kuliko inavyopewa. Maabara ya Taifa ya Udhibiti wa Ubora wa Dawa, iliyo jirani na Kenyatta, na ile ya MEDS, shirika la makanisa la kusambaza dawa, zote zimepata idhini ya Shirika la Afya Duniani. Huko kosa hujibu siku hiyohiyo, ila unalolitafuta ni la mwingine. Anayependa mashine za kupimia kuliko mapipa na aende.

Hospitali na chemisti mtaani ni kazi nzuri na mpwa wangu anazijua, yuko ndani yake. Tofauti yake na zetu ni kwamba huko unamwona mgonjwa usoni. Sisi wa safu hizi hatumwoni. Kuna wafamasia wasioweza kuishi bila uso huo, na hao nisingewashawishi wahame.

Pesa na njia ya kufika

Sitataja mshahara wa kiwanda wala wa ofisi, hutofautiana mno, na anayekutajia namba moja anakupotosha. Serikalini angalau makubaliano yako wazi: wafamasia wako chama kimoja na madaktari na madaktari wa meno, na mgomo wa 2024 ulionyesha umbali uliopo, intani wakidai shilingi 206,000 hivi kwa mwezi zilizokubaliwa 2017, serikali ikisema 70,000. Kiwandani hakuna chama kinachokuombea. Unajadiliana mwenyewe, na silaha yako ni bechi ulizofanikisha.

Njia ya kawaida ni shahada ya miaka mitano, mwaka wa intani, na usajili wa Bodi. Lakini baadhi ya waundaji bora niliofanya nao kazi ni wakemia, na mmoja alianza na diploma ya miaka mitatu ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, akipima unyevu wa punje zamu ya usiku. Uzamili wa famasia ya viwandani husaidia ukishakuwa na maswali yako mwenyewe, si kabla. Wenzangu wawili walikwenda Moshi, kwenye mafunzo ambayo Chuo cha Famasia cha Kilimanjaro kiliyaendesha pamoja na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Walirudi wakiwa wanauliza "kwa nini" mara tatu zaidi, na maabara yetu ikabadilika.

Ukienda kwenye mahojiano, waulize wao pia. Kiwandani omba uonyeshwe kabati la uhai wa dawa, na uulize ni nani anayelifungua na mara ya mwisho walikuta nini. Wakikuonyesha kabati tupu au limezimwa, asante na kwaheri. Ofisi ya usajili uliza kama utaruhusiwa kuzungumza na muundaji moja kwa moja au kila kitu kitapitia kwa meneja. Kwenye utafiti uliza fedha zinaisha mwezi gani, na waliokuwepo kabla yako wako wapi sasa.

Mpwa wangu amenipigia tena juzi. Hajaamua. Nilimwuliza, alipokuwa mdogo na kupika nami chapati yake ya kwanza, alikuwa akifanya nini ikiwa kwenye kikaango. Akacheka, akasema alikuwa akiinua ukingo kila sekunde kutazama kama imeiva. Nakumbuka.

Jumatatu saa tatu asubuhi ninatoa sampuli za mwezi wa tisa kwenye kabati la nyuzi 30. Ni dawa ya watoto, tembe ya kuyeyushwa majini, na mwezi wa sita ilikuwa imeanza kuchelewa kumeguka kwa sekunde chache ambazo bado sijajua maana yake. Ameomba ruhusa hospitalini aje. Nimemwambia avae viatu vya kufunika vidole, avue pete, na aje na lile daftari.